Watu wa Lamu na Pwani Yao

Jarida letu hili limezoea kutuletea habari za mabingwa wa kandanda, za bweni lililochukua kikombe mwaka fulani, na za walimu waliotutangulia mbele ya haki. Hayo yote ni mema. Mara hii Bwana Mhariri ameniomba niandike jambo la historia, na shauri la kuchagua akaniachia mimi. Nimechagua juhudi za watu wa Lamu za kuilinda pwani yao. Wengi wetu tulisoma na vijana waliotoka huko, na nyinyi mlioko madarasani leo huenda mnao wenzenu wa huko pia. Lakini iko sababu nyingine. Mimi ni mtumishi wa serikali, na riziki yangu inatokana na mafaili, barua na kumbukumbu za mikutano. Na katika habari hii mambo makubwa sana yaliamuliwa na vitu vidogo kama hivyo. Nitakayoyasema ni yangu mwenyewe, wala si ya ofisi ninayofanyia kazi.

Katika miaka ya tisini, tulipokuwa shuleni, vijana wa Amu (wao wenyewe hawasemi Lamu) walikuwa wa mwisho kuwasili muhula ulipofunguliwa. Walipanda mashua hadi Mokowe, kisha basi la njia ya Witu na Garsen, na siku hizo mabasi yalikwenda kwa msafara wa askari kwa sababu ya majambazi. Tuliwatania kwamba kwao gari ni punda. Hawakukasirika. Nadhani walijua jambo ambalo sisi hatukulijua, kwamba mji unaweza kuwa na njia nyembamba, usipitike kwa gari, na bado ukawa mji mkubwa wenye mashairi, wanazuoni na biashara ya ng'ambo.

Mji huo unaishi kwa bahari, lakini uhai wake unategemea pia maji ya kunywa, na hapo ndipo pa kuanzia. Ng'ambo ya Lamu, katika kisiwa cha Manda, yako magofu ya Takwa. Ulikuwa mji wenye msikiti mzuri na ukuta, ukahamwa mwishoni mwa karne ya 17. Wataalamu wengi husema kuwa maji ya visima yaligeuka chumvi. Watu wake, kwa mapokeo ya wazee, walivuka wakaenda kukaa Shela, na hadi leo watu wa Shela huenda Takwa kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo. Basi mtu wa Lamu hahitaji kusomeshwa kwamba mji wa pwani unaweza kufa. Gofu analiona ng'ambo.

Lamu yenyewe inanywa maji ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha, mchanga ule huyapokea maji na kuyahifadhi chini, yakielea juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya maji. Ukijenga nyumba juu ya vilima hivyo, ukachimba choo na kisima chenye pampu, umeharibu mambo mawili kwa pigo moja. Kwa hiyo mabishano ya kwanza ya pwani hii hayakuhusu meli wala umeme. Yalihusu viwanja. Watu waligawiwa au waliuziwa vipande vya mchanga, na wenyeji wakawa wanapanda na kushuka ofisi za serikali wakieleza kwamba ule si mchanga mtupu, ni tangi la mji.

Tena iko mikoko. Kama asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko katika Kaunti ya Lamu. Wazee waliikata kwa kuichagua, wakiita miti kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuja na kaskazi kuichukua, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982. Chini ya mikoko hiyo ndiko kamba na kaa wanakokulia, pamoja na samaki wengi wadogo kabla hawajatoka kwenda kwenye matumbawe. Anayeifukia mikoko leo huenda asione hasara mwaka huu. Ataiona wavu utakapokuwa ukitoka mtupu.

Nimesema habari hii ina karatasi nyingi, na nyingine ziliandikwa zamani, hakuna aliyejua zitafaa nini. Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1976 Usam Ghaidan alitoa kitabu juu ya kuuhifadhi mji huo. Mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver walitoa mpango kamili wa uhifadhi, na mwaka huo huo Mji wa Kale ukatangazwa rasmi kuwa chini ya sheria ya mambo ya kale. Hatimaye, mwaka 2001, UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Wako waliocheka wakati huo, wakasema Wazungu wanapenda milango ya nakshi. Miaka 15 baadaye milango ile ilikuwa shahidi.

Sasa tuje kwenye bandari. Fikra ya kujenga bandari ya pili ya Kenya katika ghuba ya Manda ni ya kale. Wasimamizi wa mradi wenyewe huirudisha nyuma hadi mwaka 1975. Maji pale ni ya kina na yamekingwa na visiwa. Ilibaki fikra mpaka tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alipozindua ujenzi, pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Mradi uliitwa LAPSSET: bandari ya gati 32, bomba la mafuta, reli, barabara, viwanja vya ndege na miji ya kitalii. Siwezi kusema ulikuwa mradi wa kipuuzi. Nchi inahitaji bandari, na kaskazini ya nchi yetu ilisahauliwa tangu ukoloni. Mimi mwenyewe naamini bandari ina faida.

Lakini tazameni namna ulivyofika. Habari za mradi zilipoenea, ardhi ya Lamu ikawa kama nyama sokoni. Wageni walikuja na ramani. Mwezi wa Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alifuta hati za kiasi cha ekari 500,000 zilizokuwa zimekwenda kwa makampuni 22 katika miaka ya 2011 na 2012. Ekari nusu milioni, ndugu msomaji! Wakati huo huo wako wenyeji waliolima Kililana na Hindi tangu enzi za babu zao bila kipande cha karatasi mkononi.

Wavuvi nao waliona jambo ambalo halikuwa katika michoro. Dau na mashua ndogo haziendi popote bahari itakapo. Kusi ikivuma, mvuvi wa Lamu hujificha ndani ya ghuba na mikondo, na hupita Mkanda, mlango wa maji ulio kati ya Manda na bara, akielekea Pate na Faza. Bandari ilikuja kukaa papo hapo. Kuchimba sakafu ya bahari ili meli kubwa ziingie kulitifua matope, na matope hufunika matumbawe na majani ya baharini. Aliyeambiwa akavue bahari kuu alitakiwa awe na chombo kikubwa na mashine, vitu asivyokuwa navyo.

Basi mwaka 2012 Mohamed Ali Baadi na wenzake walikwenda Mahakama Kuu na ombi nambari 22 la mwaka ule. Nyuma yao walikuwako watu wa Save Lamu, muungano wa vikundi vingi vya wenyeji: wavuvi, akina mama, vijana, wakulima, watu wa mambo ya kale. Waliandika pia waraka wao wenyewe, wakieleza mali zao za nchi kavu na za bahari, na namna wanavyotaka washauriwe mtu akija na mradi. Hilo lilinivutia sana. Watu ambao serikali ilizoea kuwaandikia, sasa walikuwa wakiiandikia serikali.

Hukumu ilitoka tarehe 30 Aprili 2018, miaka sita baadaye. Majaji walikubali kwamba haki ya mazingira safi, haki ya kupewa habari, haki ya utamaduni na haki ya wavuvi ya kujitafutia riziki zilikuwa zimevunjwa. Serikali iliamriwa iwalipe wavuvi 4,600 jumla ya shilingi 1,760,424,000, ambayo ukigawa sawasawa ni kama shilingi 382,700 kwa kila mmoja. Ni hukumu kubwa katika historia ya sheria ya nchi yetu, na wanafunzi wa vyuo vikuu wanaisoma. Lakini katika miaka ile sita kazi haikusimama. Mkataba wa gati tatu za kwanza ulitiwa saini mwaka 2014 na kampuni ya Kichina, na mitambo ikachimba. Majaji walipomaliza kusoma hukumu yao, sehemu ya ile bahari haikuweza tena kurudishwa. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Siku hiyo hukumu ilikuwa na umri wa miaka mitatu, na wavuvi walikuwa bado wakizungumza na serikali juu ya sehemu gani ya malipo iwe fedha taslimu na sehemu gani iwe vyombo na vifaa vya kuvulia.

Katikati ya hayo ndipo lilipokuja jambo la makaa ya mawe.

Mwaka 2013 serikali ilitangaza kwamba itaongeza megawati 5,000 za umeme katika muda wa miezi 40. Katika hesabu hiyo kilikuwemo kiwanda cha megawati 1,050 cha kuchoma makaa ya mawe, kijengwe Kwasasi, kama kilomita 20 kutoka Mji wa Kale. Kampuni iliyopewa kazi iliitwa Amu Power, gharama ikatajwa kuwa dola bilioni 2. Bomba lake la moshi lilikusudiwa liwe na urefu wa mita 210. Aliyewahi kusimama chini ya jengo la KICC pale Nairobi akatazama juu, na alifanye mara mbili. Makaa yenyewe yangeletwa kwa meli kutoka ng'ambo kwa kuanzia. Majivu yangelundikwa hapo hapo karibu na maji. Bahari ingevutwa ipoze mitambo, kisha irudishwe ikiwa na joto, na samaki wachanga hawastahimili joto hilo.

Tusidhani Lamu nzima ilisimama kwa sauti moja. Wako wakulima wa Kwasasi waliokuwa wamepimiwa mashamba na kuahidiwa fidia, na miaka ikapita wakiwa hawalimi kwa raha wala hawalipwi. Hao walitaka jambo liishe wapate chao. Wako vijana walioona ajira. Usiwalaumu, kijana asiye na kazi akiambiwa habari ya kaa na mikoko hujibu kwamba kaa hawaandiki barua za kuajiri. Tena ulikuwa wakati wa hofu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni 2014, watu wa kaunti waliwekewa marufuku ya kutoka usiku, na uvuvi wa usiku ukasimama kwa miezi. Kumwambia mtu katika hali hiyo aje mkutanoni kupinga mradi wa serikali si jambo dogo. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwezi wa Desemba 2018 kuhusu vitisho na kukamatwa kwa watetezi wa mazingira katika eneo la Lamu.

Tarehe 7 Septemba 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ilitoa leseni. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inampa mtu siku 60 akate rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Save Lamu na wenzao watano wakaikata mwezi wa Novemba, ikaandikishwa kuwa nambari 196 ya mwaka 2016. Sasa naomba mnisikilize kwa makini, hasa nyinyi mnaotaka kusomea sheria. Sheria hiyo, kama ilivyokuwa wakati huo, ilisema kwamba rufaa ikishaletwa mbele ya jopo, mambo hubaki kama yalivyo mpaka iamuliwe. Kwa hiyo, tofauti na bandari, hapa hakuna jiwe lililowekwa juu ya jiwe. Wavuvi wa bandarini walishinda bahari ikiwa imekwisha kuchimbwa. Watu wa Kwasasi walibishana huku shamba bado ni shamba. Kwa maoni yangu tofauti hii ina uzito kuliko maandamano yote, ingawa maandamano nayo yalikuwako.

Na je, walibishania nini hasa? Mtu angetazamia ubishi mkubwa juu ya sumu na moshi, na ulikuwako. Lakini moyo wa kesi ulikuwa swali ambalo karani yeyote angeliuliza: mikutano ilifanyika lini, na watu waliambiwa nini? Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi, atangaze gazetini na redioni kwa majuma mawili, na afanye mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, ili wale watakaoguswa watoe maoni yao. Kampuni ilileta ushahidi wa mikutano. Ilikuwako orodha ya waliohudhuria, majina na saini. Jopo likatazama tarehe na yaliyozungumzwa, likaona kwamba ilikuwa mikutano ya kuutambulisha mradi. Utafiti ulipokwisha, ukawa kitabu kinene cha Kiingereza cha kitaalamu, watu hawakurudiwa ipasavyo ili waelezwe uliona hatari gani na dawa yake ni nini.

Nimeketi katika mikutano mingi ya namna hiyo katika kazi yangu. Karatasi ya mahudhurio huzungushwa pamoja na soda na maandazi. Mzee anaweka sahihi yake kwa heshima, kwa kuwa ameombwa na mgeni. Mwezi mmoja baadaye sahihi ile imeambatishwa kwenye ripoti kana kwamba mzee amekubali. Hakuna aliyesema uongo. Kila mtu alihudhuria. Jambo hilo huwa linanisumbua nikiwa natia muhuri.

Tarehe 26 Juni 2019 jopo, likiongozwa na Mohammed Balala, lilifuta leseni. Lilisema wananchi hawakushirikishwa kwa njia inayotakiwa na Katiba ya 2010 na kanuni. Kwamba utafiti wenyewe ulikuwa na upungufu. Na kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ikitaka kuendelea, ifanye utafiti mpya. Mwaka ule ule Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitatoa fedha, na mwaka 2020 benki ya Kichina ya ICBC nayo ikajitoa.

Watu wa nje wakapenda kusema kwamba wafadhili ndio walioua mradi. Wengine wakasema ni UNESCO, kwa sababu Kamati ya Urithi wa Dunia nayo ilikuwa imeeleza wasiwasi wake. Si uongo. Lakini wote hao walikuwa wakisoma karatasi ambazo mtu wa Lamu alizitunza: nani aliitwa, nani hakuitwa, barua gani ilipelekwa ikakosa jibu. Mwalimu wetu wa historia alituambia kwamba asiye na hati hana historia. Tulidhani ni maneno ya mtihani. Hata hivyo, wale waliopimiwa mashamba Kwasasi wangemjibu kwamba hati peke yake haimlishi mtu, nao wana haki ya kusema hivyo.

Mambo hayakwisha mwaka 2019. Kampuni ilikata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi, na shauri likakaa huko miaka. Katika muda huo wazee kadhaa waliokuwa wakihudhuria tangu siku za kwanza walifariki dunia, na vijana waliokuwa wakiwabebea mafaili wakawa ndio wasemaji. Mwezi wa Oktoba 2025 mahakama hiyo iliitupilia mbali rufaa, ikakubaliana na jopo. Kampuni bado ina njia ya kupanda mahakama ya juu ikitaka.

Leo meli zinaingia katika gati tatu za Lamu, na mashua za Faza zinapita huku zikizitazama. Kwasasi, mahali palipopimwa pajengwe bomba la mita 210, bado pana mashamba, na nyuma yake mikoko.